Siku sita Fort Knox: mi, mama, na neno kambi

Jumamosi usiku, kabla ya kuondoka

Mama alinisuka mpaka saa tano usiku. Misuko midogo ya kulala, yote inaelekea nyuma, kwasababu kofia ya kombati lazima ikae vizuri na kanuni inataka nywele za kadeti wa kike zikae nadhifu. Alikuwa anavuta kwa nguvu kuliko kawaida, kimya, hataki stori. Alipofika nyuma ya sikio ndo akaongea, kwa Kiswahili chake cha Fizi, mashariki mwa Kongo, ambacho miaka yote ya Tanzania na Marekani haijakitoa: "Njo tulitoka ku kambi, sasa weye unarudia ku kambi? Na ya basoda tena?" Basoda ndo askari. Nikakosa la kusema nikabaki nimeinamisha kichwa.

Kwa ambao hawanijui niseme kidogo. Mi nimezaliwa Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi kule Kasulu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996 watu walipokuwa wanavuka ziwa kukimbia vita Kongo. Wazazi wangu ni Wabembe wa upande wa Baraka, walivuka 1998. Nikiwa na miaka tisa tukapata safari ya kuja Marekani, tukapangiwa Louisville, Kentucky, na tupo hapa hadi leo. Kwahiyo kwa mama "kambi" ina maana moja tu, hema, foleni ya maji na kusubiri, na mtu mwenye gwanda ndo aliyemtoa kwenye nyumba ya baba yake. Simlaumu hata kidogo.

Na JROTC yenyewe, mafunzo ya ukadeti ya jeshi, ni somo tu la shule jamani, unalichukua kama unavochukua historia au kemia. Lilianzishwa na sheria ya ulinzi ya 1916, sasa hivi jeshi la nchi kavu peke yake lina shule zaidi ya 1,700 zenye hili somo, walimu ni maafisa na masajini, wengi wastaafu. Siku moja kwa wiki unavaa sare. Ukimaliza shule hakuna anayekudai uingie jeshini, mimi mwenyewe nataka unesi, na hili nalisema kwa sauti kwasababu kila msiba na kila harusi ya Wakongo hapa Louisville kuna shangazi anamuuliza mama "ati mtoto wameshamchukua?" Hajachukuliwa mtu. Shule zikifungwa kipindi cha joto ndo wanachagua kadeti wachache kutoka shule mbalimbali wanaenda kambi ya siku kadhaa, JCLC, yetu ilikuwa Fort Knox, kituo cha jeshi hapahapa Kentucky, kuna kamba, kuna maji, kuna ramani na msitu, na unajifunza kuongoza wenzako. Wale mliopita JKT baada ya form six mtaielewa harufu yake, ila hii ni fupi na ya watoto wa shule.

Jumapili

Basi limetoka saa tatu asubuhi, tukashika Dixie Highway kuelekea kusini, ni kama kilomita 55 tu, hata usingizi haujakolea umefika. Kabla ya kufika kambini utaliona lile jengo la dhahabu ya serikali, lipo peke yake katikati ya majani, limezungushiwa uzio, halina mbwembwe yoyote. Limejengwa 1936 na ndani inasemwa kuna wakia milioni 147 za dhahabu. Basi zima lilihamia madirisha ya upande mmoja. Mi nilikuwa nawaza dhahabu ya kwetu Fizi inayochimbwa na vijana kwa sururu, matope mpaka magotini, na hakuna hata barabara ya lami ya kuitolea mgonjwa. Sikumwambia mtu, lakini niliiwaza mpaka tukapita geti.

Kushuka tu ni mistari, mabegi chini, sajini anasoma orodha ya vitu na wewe unanyanyua juu kimoja kimoja, soksi jozi saba, tochi, kandambili, dawa ya wadudu. Simu zikakusanywa kwenye mifuko yenye majina. Tukagawanywa upya ili watu wa shule moja wasikae pamoja, nikaambiwa mimi ni kiongozi wa skwadi, watu kumi. Nikawaangalia na wao wakaniangalia. Kuna kijana mmoja wa milimani mashariki mwa Kentucky anaongea lafudhi ambayo mwanzo nilimwomba arudie kila kitu, na yeye akawa ananiomba mi nirudie, basi tukaelewana hapohapo. Kuna wasichana wawili kutoka mashambani huko, kuna mmoja mpole sana, mfupi, miwani imefungwa kwa kamba, siku nzima hakusema neno.

Bweni ni ukumbi mrefu, dabodeka pande zote mbili, wavulana jengo lao na sisi letu. Shuka lazima ikunjwe pembe digrii 45. Tarumbeta la kulala likapigwa saa nne usiku, taa zikazimwa, na nikasikia watu zaidi ya arobaini wanapumua chumba kimoja. Wenzangu wengi walilalamika asubuhi kwamba hawakulala. Mi nililala fofofo, sauti ya watu wengi gizani ndo sauti niliyokulia nayo.

Jumatatu

Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Mchakamchaka! Hakuna neno lingine, ni mchakamchaka kabisa kama ule wa shule za Tanzania, mmoja anaimbisha wengine wanaitikia, mguu wa kushoto unagonga kwenye neno. Fort Knox kuna vilima vitatu maarufu ambavyo wanajeshi wa zamani walivipa majina Agony, Misery na Heartbreak, yaani mateso, dhiki na kuvunjika moyo, sisi tulipelekwa kutembea kimoja tu, na nadhani majina yametolewa na watu waliobeba mizigo kwelikweli.

Siku ilikuwa ya mnara. Kwanza unafundishwa kujifunga kiti cha kamba, kamba moja tu inazunguka kiuno, inapita katikati ya mapaja, inakazwa mpaka unatembea umejikunja, fundo linakaa nyonga ya kushoto, afu mbele inaingia karabina, pete ya chuma inayofunguka, mdomo wake ukiangalia juu. Sajini anapita kwa kila mtu anaingiza vidole viwili kwenye kamba na kuvuta, ikilegea unaanza upya. Mi nilianza upya mara mbili.

Juu kule, kwa kukadiria kama ghorofa nne, unasimama umeipa hewa mgongo. Glovu za ngozi. Mkono wa kushoto unashika kamba ya juu kwa kuongoza tu, mkono wa kulia ndo breki, ukiupeleka mgongoni unasimama, ukiunyoosha pembeni unashuka. Chini kuna kadeti ameshika mwisho wa kamba yako, wewe unamwita kwa sauti kwamba upo kwenye kamba, yeye anajibu kwamba amekushika, na ukiponyoka yeye akivuta tu, unasimama hapohapo hewani. Sasa aliyekuwa chini yangu ni yule mpole wa miwani. Sijawahi kumsikia anaongea. Nikaita. Akajibu kwa sauti moja kubwa hiyo, watu wote wakageuka. Nikaegemea nyuma mpaka mwili ukawa kama herufi L, nyayo zimebandika ukutani, nikaachia. Ile hatua ya kwanza ya kuegemea hewa ndo ngumu, zilizobaki miguu inajua yenyewe.

Usiku nilikuwa na zamu ya kulinda bweni, saa nane hadi saa tisa, unatembea na tochi unahesabu watu vitandani. Mtu mmoja wa skwadi yangu alikuwa analia chini ya blanketi, hajawahi kulala nje ya kwao. Nikakaa chini pembeni ya kitanda, sikuwasha tochi. Nikamuuliza kwao wanafuga nini, akasema ng'ombe wa maziwa, nikamwambia anitajie majina yao. Alifika wa kumi na kitu akalala.

Jumanne

Joto. Kwenye uwanja wanapandisha bendera ya rangi kulingana na joto na unyevu, kijani, njano, nyekundu, nyeusi, na saa sita mchana ilikuwa nyeusi, kwahiyo kazi dakika chache kupumzika nyingi, na kila dakika mtu anapiga kelele kunywa maji.

Asubuhi kabla halijawaka tulifanya viwanja vya kufikiri. Unakuta kibwawa, nguzo tatu, mbao mbili ambazo zote ni fupi kuliko nafasi iliyopo, kamba moja na pipa. Pipa livuke na skwadi nzima ivuke, sehemu iliyopakwa rangi nyekundu ukiigusa unarudi mwanzo. Muda ni mfupi na kiongozi ni mmoja. Zamu yangu nilianza vibaya, niwe mkweli, nikapanga kila kitu kichwani, nikawaamrisha, watu wakashika mbao walivoambiwa na mbao ikaanguka majini. Tena. Tena. Nikamwona yule wa miwani anapima kwa macho, anaangalia fundo, anaangalia nguzo, hasemi. Nikasimamisha kazi nikamwambia wewe umeona nini. Akasema mbao zikifungwa pamoja kwa kupishana hatua tatu hazitapinda, na mtu mzito akae juu ya ncha ya nyuma kama jiwe la mizani. Tukamkalisha yule mkubwa wa milimani. Tulivuka watu tisa na pipa, muda ukaisha yeye bado amekaa kwenye ncha yake. Kwa sheria tumeshindwa. Nilijiuliza usiku wote zile dakika nilizopoteza kabla ya kumuuliza, kwasababu zilikuwa zinatosha kabisa.

Jumatano

Maji. Siku niliyoiogopa tangu fomu ilipoletwa nyumbani.

Mama alivuka Tanganyika usiku kwenye boti ya mbao iliyojaa, na tangu hapo maji mengi hataki kuyaona, hatukuwahi kupelekwa bwawani hata siku moja. Nyarugusu nayo maji ni ya kwenye dumu, unapanga foleni bombani, nani atakufundisha kuogelea kwenye dumu. Kwahiyo wasiojua tulitengwa, sita kwa jumla, tukavalishwa majaketi ya kuokolea, upande wa kina kifupi, na mwalimu wetu mwanamama mmoja, sajini mstaafu, sauti yake haipandi hata ukikosea.

Alitufundisha suruali. Sikilizeni hii kwasababu inaweza kumwokoa mtu wa ziwani. Unavua suruali ya kombati ndani ya maji (chini tulivaa bukta), unafunga mwisho wa kila mguu fundo gumu, unafunga zipu. Unaishika kiunoni kwa mikono miwili, unaiweka nyuma ya kichwa, afu unaitupa mbele kwa nguvu juu ya maji ili ikamate hewa, ikigusa maji unakandamiza kiuno chini hewa isitoke. Miguu ya suruali inavimba kama mihogo miwili. Unaingiza shingo katikati, unalala. Kitambaa kikiwa kimelowa kinashika hewa, kikianza kulegea unachota hewa tena kwa kiganja.

Mara ya kwanza nilikamata maji tu. Ya pili mguu mmoja ulivimba mwingine hapana. Ya tano hivi, mwanamama akanivua jaketi akasema nipo hapa, mkono wake chini ya mgongo wangu, na suruali ikanishika. Akatoa mkono. Masikio yalikuwa ndani ya maji kwahiyo sikusikia kelele yoyote, naona tu bati la paa na taa. Nilimwaza mama kwenye ile boti, watu wamebanana, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefundishwa hiki kitu, na wote walikuwa wamevaa nguo ambazo zingeweza kushika hewa. Nilitoka nikaenda kukaa pembeni na taulo kichwani muda mrefu, mwanamama akaniacha.

Usiku darasa la ramani. Ramani ya kijeshi ya 1:50,000, kila mraba ni kilomita moja, unasoma namba kulia kwanza ndo unapanda juu. Mistari ya kimo ndo inachanganya watu, sasa mwalimu akatuambia kunja ngumi mkono wa kushoto, chukua peni, zungushia kila fundo la kidole duara, afu duara kubwa zaidi, afu kubwa zaidi. Umeshachora mlima. Mafundo ni vilele, katikati ya fundo na fundo ni tandiko, mstari wa mafundo yote ni safu, vidole ni miteremko na kati ya vidole ni mabonde maji yanakopita. Fungua mkono uone mistari inavyotawanyika, ndo tambarare. Nilienda kulala na mkono wenye wino.

Alhamisi

Msituni. Watu wanne wanne, dira moja, ramani moja, vituo vitano, masaa matatu. Kabla ya kuingia unapima hatua zako kwenye mita mia, unahesabu mguu wa kushoto tu, mi zangu 68 kwenye tambarare, nikipanda mlima zinazidi 75. Kila mita mia nahamisha kijiwe kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule.

Cha kwanza tulipata, cha pili tulipata, tukajiona. Cha tatu tukatembea mita 600 tukakuta bonde lenye matope na mmea ule wa majani matatu unaowasha, na hakuna alama yoyote. Mmoja akasema kipo mbele kidogo. Mwingine akasema dira imeharibika. Nilitaka sana kusema kipo mbele kidogo na mimi, maana mimi ndo nilisoma namba. Tukakaa chini, nikakunja ngumi nikaiangalia, nikaangalia ramani, nikaona tumesimama kwenye bonde wakati kituo kipo kwenye tandiko, nilipanda juu kabla ya kwenda kulia. Kosa langu. Nikawaambia hivohivo, nimesoma vibaya mimi, tunarudi. Unachukua nyuzi ulizokuja nazo unajumlisha 180 au unatoa, unageuka, unahesabu vijiwe kurudi. Mita 600 za kupanda na mbu na jua. Hakuna aliyeninung'unikia, na nakiri nilitegemea watanung'unika.

Chakula cha mchana kilikuwa kile cha pakiti za jeshi, mfuko mmoja una kalori kama 1,250, kuna mfuko mdogo wa kupashia, unaweka maji kidogo unasikia unaanza kuchemka wenyewe bila moto. Wenzangu walikuwa wanatupa biskuti ngumu na wanalalamika maharage. Nikawaambia msitupe leteni hapa, nikatandika koti, kila mtu aweke asichotaka, kila mtu achukue anachotaka. Nyarugusu siku ya mgao ndivo tulivokuwa tunafanya, nyumba iliyopewa dengu inabadilishana na yenye mafuta, unga unapimwa kwa kikombe, hakuna kinachobaki chini. Yule kijana wa milimani akasema bibi yake naye anafanya hivo kanisani kwao. Koti lilibaki na pakiti moja tu ya chumvi.

Vituo vinne kati ya vitano. Jioni kukaguana kupe, mimi nilitolewa mmoja nyuma ya goti.

Ijumaa

Gwaride la kufunga saa nne asubuhi. Wazazi wanakaa kwenye viti vya chuma chini ya mahema. Nilijiambia mama hatakuja, baba alikuwa ametoka shifti ya usiku na mama mwenyewe haendeshi barabara kubwa.

Tulipopita mbele ya jukwaa unageuza macho kulia kwa amri, ndo nikawaona. Baba bado na viatu vya kazi. Mama kavaa kitenge cha bluu, kile cha harusi, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili, na pande zote amezungukwa na wanaume wenye gwanda. Alikuwa hawaangalii wao, ananitafuta mimi kwenye mistari na hanioni kwasababu wote tumefanana. Alinipata kwa misuko.

Baada ya kuachiwa yule mwanamama wa maji akaja kuwasalimia. Alivua kofia kwanza, akampa mama mkono akiinama kidogo, nikatafsiri. Alisema binti yenu alipokosea njia aliwaambia wenzake kwamba amekosea. Mama akauliza kwangu, "Ni soda huyu?" Nikasema alikuwa, sasa ni mwalimu. Akamwangalia muda, akafungua mkoba akatoa mfuko wa sambusa alizonikaangia mimi, akampa yeye mbili.

Kwenye gari nilikaa nyuma na mama. Akachukua mkono wangu wa kushoto. "Iko nini umejiandika hapa?" Wino ulikuwa umefifia lakini maduara yanaonekana. Nikakunja ngumi nikamwonesha, hivi ni vilele, hapa ni tandiko, hapa maji yanapita. Alinyamaza mpaka tukavuka geti, tukapita lile jengo la dhahabu, hakuligeukia.

Afu akaivuta ile ngumi karibu yake, akakitenga kidole gumba pembeni kidogo. "Hii ni Ubwari," akasema, anagusa gumba, rasi yenyewe inavyochomoka ziwani. Kwenye ule uwazi kati ya gumba na kiganja akasema hapa njo Baraka. Akarudi juu kwenye mafundo ya vidole, milima ya kwetu, akapitisha kucha kwenye bonde kati ya kidole cha shahada na cha kati, taratibu, kwenda chini. Walipita hapo, siku tatu, usiku tu, bibi yangu akiwa mbele. Boti waliipandia hapa. Miaka yote hii hakuwahi kunisimulia njia, alikuwa anasema tu "tulikimbia" basi.

Nikamuuliza na Nyarugusu ipo wapi. Akatafuta upande wa pili wa gumba, hakuna mkono tena, akaweka kidole juu ya goti langu.

Nikamwambia asikitoe hapo, nikamwomba baba peni.